Kikombe cha Tatu

Budapest, Februari, chumba cha kukatia filamu.
Dirisha limeganda barafu kwa ndani,
jiko la makaa linakohoa kama mgonjwa asiyetaka daktari,
nami Piroska nina mkasi, gundi, glavu nyeupe za pamba,
na mwanamke wa kijivu asiyezidi ukubwa wa ukucha.

Katika hadithi hii anaitwa Etelka.
Mumewe ameketi mbele yake, anamenya tufaha.
Ganda halikatiki. Linashuka, linajiviringa,
linagusa kitambaa cha meza.
Huyu bwana hapigi kelele. Hajainua mkono
tangu filamu ianze, wala hatauinua hadi mwisho,
na ndiyo maana watu watamwogopa.

Nyuma yao, juu ya kichanja cha vyombo,
vikombe vitatu vinachuruzika maji.
Nyumba ni ya watu wawili.
Hakuna atakayekitaja kikombe cha tatu;
kamera yenyewe inakipita macho chini,
kama mtu aliyekutana na mdai wake sokoni.

"Leo alikuja mtu?" anauliza bwana, kisu kikiendelea.
"Hapana," anasema Etelka.

Kati ya swali na jibu, humo ndimo nilimo mimi.

Mwongozaji, Bwana Halmos, anataka jibu lije upesi.
"Mwongo hodari hasiti, Piroska. Kata hapo."
Nakata. Nagandisha. Tunatazama.
Ni mwanamke amejibu swali, basi.
Ungeweza kumwomba akupitishie sukari.

Akitoka kuvuta sigara naziokota fremu kikapuni,
nazirudisha moja moja, kama mtu anayetunga upya
ushanga uliokatika.
Nane. Bado.
Kumi na sita: koo lake linashuka, linapanda.
Ishirini na nne, sekunde nzima:
kisu kimesimama.
Sikuwa nimekiona. Kisu kimesimama, ganda linaning'inia,
na saa ya ukutani, ambayo siku ya kupiga picha
hakuna aliyekumbuka kuitia ufunguo,
inasema ni saa tisa na robo, na itasema hivyo milele.
Thelathini na moja.
Hapa macho yake yanataka kwenda kwenye kichanja
naye anayakataza.
Si uongo ninaouona. Ni kazi ya uongo, jasho lake,
bega lililoegemezwa mlangoni
na upepo ukisukuma kutoka upande wa pili.

Wanaosema kimya ni dhahabu hawajawahi kukikata kwa mkasi.
Kimya ni nyama. Kina mishipa.
Ukikosea mahali pa kukata, kinavuja
na picha nzima inakufa mikononi mwako.

Halmos anarudi ananuka tumbaku.
Anatazama amesimama, kofia kichwani.
Hasemi kitu. Kisha: "Rudia."
Kisha: "Acha hivyo."
Kisha, akiwa amekwisha shika kitasa cha mlango:
"Mke wangu asije akaiona."

Tramu ya mwisho, theluji, ngazi za ghorofa ya nne.
Dezső ameniachia supu ya maharagwe jikoni.
Anapiga viatu rangi, amenipa mgongo;
mtu mwema, miaka kumi na sita sijamwona akifoka.
"Leo mlibaki wangapi kazini?" anauliza.
Swali kama maswali mengine. Brashi inaendelea.

Wawili. Jibu ni jepesi na ni kweli tupu.
Ila nimeanza kuvua glavu, kidole baada ya kidole,
na kumbe nahesabu:
nane,
kumi na sita,

brashi imesimama.

Sina ninalolificha. Mungu anajua.
Lakini nani atamwamini mtu
aliyekwisha fika ishirini na nne?